Ng'ombe wa Baba Aliyehamia Meksiko

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani zangu wa Mbulumbulu wakiisoma sentensi hiyo watacheka, maana ni kama jiwe kujitambulisha kuwa ni zito. Nilizaliwa kwenye kilima hiki, nikasoma sekondari Karatu mjini, nikarudi na cheti changu cha kidato cha nne, na tangu hapo sijaona sababu ya kwenda mahali. Kule chini kwenye lami magari ya watalii yanapita kila siku kuelekea Ngorongoro. Watu wanatoka nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani, wanakuja kuchungulia kreta. Mimi kreta nimeiona kwenye kalenda ya duka la pembejeo. Ni nzuri sana. Kalenda yenyewe bado iko ukutani, mwaka wake ulikwisha zamani, lakini kreta haijabadilika.

Kwa hiyo mtu akitaka kuniibia, sharti anifuate nyumbani. Na kweli alinifuata, akitokea Meksiko.

Nianze na kilichoibwa. Sisi Wairaqw tuna kitu kinaitwa slufay. Ni maombi ya kishairi, marefu, ambayo mzee mmoja huyasema mkutano ukiisha au pombe ikifika chini ya mtungi. Akikata mstari, wote waliokaa huitikia kwa pamoja. Akikata mwingine, wanaitikia tena. Anaombea mvua, mifugo, wanaojifungua, mipaka ya mashamba, mpaka wapita njia. Msemaji wa upande wetu ni baba yangu. Ujanani alikuwa dereva wa mashine za kuvuna ngano, na nadhani sauti yake ilipata nguvu kwa kushindana na injini. Akianza, mbwa wa korongo la pili wananyamaza.

Na mimi ni mshairi. Naomba msicheke mara ya pili. Kamati yoyote ya harusi katika kata yetu ikitaka beti za kumsifu bibi harusi na kumtisha bwana harusi kidogo, inanijia mimi. Kipaimara, mimi. Mwalimu mkuu anastaafu, mimi. Vina vyangu vya kati na vya mwisho vinakaa kama misumari, na hakuna mtu amewahi kulia akisikia beti zangu isipokuwa bibi harusi mmoja, ambaye baadaye niligundua alikuwa anaumwa jino.

Nilichokitaka maishani ni slufay ya baba. Sikutaka shamba wala nyumba. Hivyo vitakuja tu kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume niliyebaki hapa. Nilitaka siku moja nisimame, niseme, watu waitikie. Kila mwaka nilimwomba anifundishe, na kila mwaka alinijibu neno lilelile.

"Bado."

"Baba, mimi sasa nina mvi."

"Hata mbuzi ana mvi."

Kisha kifua kikaanza kumsumbua. Kikohozi kilikuwa kinamkamata katikati ya mstari, watu wanabaki wamefungua midomo wakisubiri pa kuitikia. Nikaona hatari yenyewe. Baba akinyamaza kabla sijafundishwa, usemaji utakwenda kwa mzee wa ng'ambo ya korongo, ambaye slufay yake ni fupi na anaisema kama anasoma risiti.

Hapo ndipo mdogo wangu wa kike, anayefundisha chuo Dodoma, alipopiga simu. "Kaka, nina mgeni. Ni mtafiti, tena mshairi. Atakaa kwenu mpaka mavuno yaishe. Anataka kumsikiliza mzee."

"Mshairi?" nikasema. "Hapa nyumbani tayari yupo."

Mdogo wangu alicheka mpaka simu ikakatika.

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, nywele kazisuka mikia miwili na kuifunga pamoja kichwani kwa utepe, blauzi yake imetariziwa maua makubwa kama kabichi. Mke wangu alipoiona ile blauzi nilijua nyumba imeshatekwa. Kiswahili chake alikuwa amejifunza darasani, kimenyooka kama taarifa ya habari. Alisema yeye ni Mzapoteki, kutoka kusini mwa Meksiko, na kazi yake ya maisha ni lugha ya Kizapoteki: kuikusanya, kuiandika, na kuitungia mashairi.

Nikataka kumpunguza kidogo tangu mwanzo. "Hicho ni Kihispania cha vijijini, sivyo?"

Alinitazama kwa upole. "Kaka, Kiiraqw ni Kiswahili cha vijijini?"

Baba alipiga goti lake kwa furaha. Nilikuwa sijamwona akicheka vile tangu nilipoanguka na pikipiki kwenye mtaro.

Jioni tulikuwa tunakaa uani tukipukuchua mahindi, na mgeni alipukuchua kama mtu aliyezaliwa kwenye gunia. Mahindi, alisema, ni ya kwao. Sisi tumeazima tu. Mama yake alikuwa anaoka vikate vya mahindi vyenye matundu, anavibandika kwenye kuta za tanuri la udongo lililofukiwa ardhini, halafu anavipeleka sokoni kichwani. Kijiji chao kina upepo wa kuangusha malori. Shuleni walichapwa kwa kusema Kizapoteki.

"Hata sisi," nikasema, "tulivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiiraqw."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilijifunza vina vya Kiswahili nikawa wa kwanza darasani."

"Mimi nilinyamaza mpaka nilipokuwa mkubwa," alisema, "halafu nikarudi kwa mama kumwomba anifundishe kuongea upya."

Mnaona wivu unavyoanza. Adhabu ileile moja. Yeye ilimfanya mtaalamu, mimi ikanifanya mshairi wa kamati ya harusi.

Alituambia Kizapoteki si lugha moja, ni ukoo mzima. Kijiji cha bondeni hakielewani na cha mlimani. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kwa miaka akikusanya maneno ya kijiji chao tu, na kila neno alilopewa alirudi kulisoma mbele ya aliyempa. Mashairi yake hayaendi kwa mpiga chapa kabla ya kusomwa jikoni, mbele ya wanawake wa kwenye matanuri. Wasipocheka au wasipotikisa kichwa, analichana shairi hilo.

"Na wewe baba watoto," mke wangu akaniuliza, "beti zako huwa unazisoma wapi kwanza?"

"Kwenye kipaza sauti."

"Ndiyo maana," alisema, akaendelea kupukuchua.

Kuna jambo moja mgeni alilisema akiwa ameinamia ungo, na nilitamani asingelisema, kwa sababu ni vigumu kumchukia mtu vizuri baada ya kujua jambo kama hilo. Mjomba wake alikuwa msemaji wa harusi wa kijiji. Kwao harusi haiishi mpaka mtu kama huyo asimame na kuwaambia maharusi maneno marefu ya mpangilio, ya zamani, ambayo hayajaandikwa popote. Mgeni wetu alikuwa mjini akisomea namna watu wanavyosema. Aliporudi na kinasa sauti chake, mjomba alikuwa ameshapooza, ulimi umekufa. Alibaki amekaa kitandani akimtazama. Basi mpwa akaandika alichokumbuka yeye tangu utotoni, na pale ambapo hakukumbuka hakubuni, aliacha nafasi tupu kwenye karatasi. Shairi hilo ndilo linalojulikana kuliko yote aliyotunga. Lina matundu, alisema, kama vikate vya mama.

Baba alikuwa ameshalala kwenye kiti wakati ule. Niliyasikia mimi na mke wangu tu.

Jioni hiyohiyo, au labda iliyofuata, baba akiwa amelala vilevile, mke wangu alimuuliza kwao majirani wanasaidianaje. Akasema mtu akiwa na harusi, unampelekea batamzinga wawili. Siku wewe ukiwa na harusi, lazima akurudishie batamzinga wawili, uzito uleule. Ni hivyo kwa mahindi, kwa kazi, kwa kila kitu.

"Na usiporudisha?"

"Wifi, mtu asiyerudisha bado ni mtoto. Wanakuita mtoto mpaka unakufa."

Mke wangu alikuwa ameshamwita wifi, na yeye ameshaitika. Mtu huwa wifi ya mke wako kwa kuwa dada yako. Sikuulizwa.

Sasa niwaeleze habari ya ng'ombe. Kwetu mwenye akili haweki mifugo yake yote kwenye zizi moja. Unampa rafiki ng'ombe jike akufugie. Maziwa anakunywa yeye, samadi ni yake, lakini ng'ombe anabaki wako. Ugonjwa ukiingia zizini kwako, yule kule amesalia. Ndama akizaliwa, rafiki analeta habari, na mwenye ng'ombe humtuma mtoto wake akamwone. Jambo moja halifanyiki: rafiki harudishi ng'ombe hajaombwa, wala hakuletei mwingine wa kulipia. Akifanya hivyo amekwambia urafiki umekwisha, tusijuane. Kuna koo mbili hapa kwetu hazisalimiani kanisani kwa sababu ya jambo kama hilo.

Baba ana ng'ombe wa namna hiyo kwa rafiki yake Mmasai, huko juu Ngorongoro, ng'ambo ya kreta. Urafiki wao ni wa siku za mashine za ngano. Kazi ya kwenda kumwona ng'ombe ni yangu, na kila habari ikija mimi nilikuwa na mafua, au mvua, au harusi. Rafiki akawa anatuma picha kwa simu. Niliona inatosha. Ng'ombe alikuwa anatokea vizuri.

Basi siku ile simu ikaingia kwamba kuna ndama. Baba akanitazama. Mimi nikakohoa.

"Mimi ndiye mwenye kifua," baba alisema, "wewe unakohoa nini?"

"Nina beti za kumalizia. Jumamosi kuna harusi."

"Mimi nitakwenda na mzee," mgeni akasema.

Wakaondoka asubuhi na gari la jirani anayeendesha watalii. Niliwaona wakishuka, baba kavaa koti lake la Krismasi, anamwonyesha mashamba kwa fimbo kama mtu anayeuza. Walirudi jua linazama. Baba ananukia moshi na maziwa, amebeba kibuyu, ana furaha ya kijana aliyetoka ngomani.

"Huyu binti," alisema kabla hajakaa, "anajua kuitikia."

"Kuitikia nini?"

"Tulipofika pale juu ukingoni mwa kreta, ukungu ulikuwa mzito, dereva akasimama. Nikasema slufay. Yote. Akaitikia mpaka mwisho, hakukosea pa kuingilia. Ng'ombe tumemwona, ndama ni jike. Slufay nimempa."

"Umempa vipi?"

"Nimempa. Ataondoka nayo."

Nikaenda jikoni. Mke wangu alikuwa anasonga ugali.

"Umesikia? Amempa! Mimi ninaomba tangu sijaoa!"

"Nimesikia."

"Mwanamke! Tena wa Meksiko!"

"Wewe ungekuwa kwenye lile gari angepewa nani?" akauliza, akageuza ugali. "Sogea, unanizuia kuni."

Siku zilizobaki zilikuwa mateso. Walikuwa wanatembea pembezoni mwa shamba la ngano, baba mbele na fimbo, yeye nyuma, anasema mstari na baba anaitikia. Sauti zetu za kooni, zile ambazo watu wa Dar wakizijaribu wanapaliwa, yeye alizitoa kama anakunywa maji. Alisema kwao nako wanakata sauti kooni. Mimi nilikuwa nyuma ya banda nikitega sikio, na nilichosubiri ni kosa. Nilipata moja tu. Palipo na ule mstari wa mto, baba huunganisha na unaofuata kwa pumzi moja. Yeye alivuta pumzi katikati. Kila mara. Nilifurahi sana na ile pumzi. Niliibeba siku nzima kama peremende mdomoni.

"Unalinda nini huko nyuma?" mke wangu aliita. "Kuku wako ndani!"

Mavuno yakaisha, ikafika siku ya kumuaga. Tulipika pombe ya mtama, wazee wa upande wetu wakaja, na yule wa ng'ambo ya korongo akaja pia, maana pombe haina mipaka. Mtungi ulipofika chini, baba akasimama kusema. Alikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kikohozi kikamkamata, akamaliza kwa sauti ya mtu anayeongea chini ya blanketi. Watu waliitikia kwa nguvu zaidi ili asione aibu. Nilimwona yule wa ng'ambo akijiweka sawa kwenye kigoda.

Hapo mgeni akasimama. Alikuwa amevaa blauzi ile ya maua ya kabichi.

"Baba," alisema, "ulinipa kitu kikubwa. Kwetu mtu mzima anarudisha. Sitaki kuondoka nikiwa na chako mkononi. Leo nakurudishia, uzito uleule."

Akasema. Ilikuwa Kizapoteki, hakuna aliyeelewa neno, ila sote tulijua ni maneno ya kusemwa mbele za watu. Yalipanda na kushuka kama njia ya mlimani. Lakini kuna mahali alinyamaza. Si kwa kusahau. Alinyamaza amesimama wima, anatazama mbele, kisha akaendelea. Akanyamaza tena. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa ninachokisikia. Yalikuwa yale matundu. Alikuwa anampa baba maneno ya mjomba wake.

Alipomaliza aliketi, uso unang'aa kama wa mtu aliyetua mzigo. Wazee hawakusema kitu. Baba alikuwa ameshika kibuyu. Akakiweka chini polepole.

"Amesema anarudisha?" aliuliza kwa Kiiraqw, bila kumtazama mtu.

"Ndivyo alivyosema," mzee mmoja akajibu.

"Na analipa."

"Amesema uzito uleule."

Baba nilimjua vizuri, alivyofunga mdomo ndivyo alivyofunga siku alipoambiwa mashine za ngano zimeuzwa. "Basi," alisema. "Ng'ombe amerudi zizini. Aambiwe asiiseme slufay tena huko aendako." Kisha akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza mbele ya wazee wote. "Wewe. Kesho asubuhi tutaanza."

Nilikuwa nimeshinda.

Niwaambie ilivyo, ushindi ni kitu kitamu. Nilikaa nao. Nilimtazama yule mzee wa ng'ambo, nikamwona akilegea kwenye kigoda chake. Nilijiona nimesimama pale, watu wakiitikia. Mke wangu alikuwa jikoni akipakua, hakuwa amesikia. Mgeni hakujua Kiiraqw cha kutosha kufuata wazee wakisema kwa haraka. Alikuwa anatabasamu huku na huku, akidhani wamenyamaza kwa heshima. Pale uani mtu aliyejua habari za ng'ombe na habari za batamzinga kwa pamoja alikuwa mmoja, naye alikuwa ametulia kabisa.

Sasa kama kuna anayengoja kusikia kwamba moyo wangu ulijaa upendo, angoje harusi nyingine. Wivu ulikuwa palepale. Ila nilianza kuhesabu kitakachotokea, na hesabu haikuniacha. Kesho ataambiwa asiiseme tena. Yeye ni mtu wa kutii mambo kama hayo. Atakwenda kwao, na pale ilipokuwa slufay ataacha nafasi tupu, kama alivyofanya kwa mjomba. Na mimi kila nikisimama kusema nitajua nimeipata wapi: nimeipata kwa batamzinga wawili walioeleweka vibaya. Mshairi wa kamati ya harusi ana aibu zake, lakini hiyo ilinizidi.

Nikasimama.

"Wazee, samahani. Huyu hajarudisha ng'ombe."

"Kaa chini," baba akasema.

"Kwao hawajui habari ya ng'ombe wa kufugiwa. Kwao ni batamzinga."

"Batamzinga ndiyo nini?" akauliza yule wa ng'ambo.

"Ni kama kuku, lakini mkubwa na ana hasira."

"Kama mke wa fulani," mwingine akadakia, na wazee wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichonipa nafasi. Nikawaeleza. Ukipewa wawili, unarudisha wawili, na usiporudisha unaitwa mtoto mpaka kufa. Nikasema kwao kurudisha ndiko kuingia kwenye urafiki, si kutoka. Nikasema hakukusudia kufunga mlango, alidhani anaufungua. Niliongea vizuri kuliko harusi zote nilizowahi kusimamia, na bila kina hata kimoja.

Baba alimtazama mgeni, akahamia Kiswahili. "Binti, hayo uliyoyasema ni ya nani?"

"Ya mjomba wangu, baba. Alikuwa msemaji kama wewe."

"Unayo mengine kama hayo?"

"Hapana. Ni hayo tu."

"Na pale unaponyamaza?"

"Pale sikumbuki. Siwezi kuweka uongo mdomoni mwa mjomba."

Baba akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kama anayepima gunia kwa macho. "Mtu halipi na ng'ombe wake wa pekee," alisema mwishowe. "Huyu hakulipa. Huyu ameniletea wake nimfugie. Basi wangu yuko kwake, na wake yuko kwangu. Tumebadilishana mazizi." Akakiokota kibuyu, akampa anywe kwanza yeye, kabla ya wazee, kabla ya yule wa ng'ambo, na bila shaka kabla yangu.

Ndipo mgeni alipoelezwa kilichokuwa kinatokea. Alishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akanitazama mimi, akaweka kiganja kifuani. Nilitazama mtungi.

"Na kesho?" nikamuuliza baba, kwa sauti ndogo.

"Kesho kuna nini?"

"Ulisema tutaanza."

"Nilisema ng'ombe akirudi. Hajarudi." Wazee walicheka tena, sasa kwa gharama yangu, na baba akawaacha washibe ndipo akaongeza, "Lakini wewe kazi yako unaijua. Mtoto ndiye anayekwenda kumwona ng'ombe."

"Meksiko?"

"Si unapenda picha za simu?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumapili jioni yetu, ambayo kwao ni asubuhi wakitoka kuoka, mwanamke wa Kizapoteki anapiga simu na kusema slufay ya baba yangu yote, upepo wao ukivuma nyuma, na mimi kazi yangu ni kuangalia kama ng'ombe yuko mzima. Mwanzoni baba alikaa karibu yangu akisikiliza kwa jicho moja. Siku hizi anaondoka kwenda zizini, ananiachia. Najua kila mstari unapokwenda. Nimeujua kwa kuvizia makosa yake, na makosa hana, isipokuwa ile pumzi ya mtoni, ambayo sijamwambia. Mtu lazima abaki na kitu.

Baba naye zizini hakai bure. Anamkamua ng'ombe huku akimsemea maneno ya mjomba wa watu, aliyofundishwa kwenye simu hizohizo, Kizapoteki kitupu, na akifika kwenye tundu anasimamisha mkono na kunyamaza palepale, maziwa hayatoki, ng'ombe anageuza shingo kumtazama, kisha wanaendelea wote wawili. Amejifunza Kizapoteki kabla ya kunifundisha mimi slufay ya Kiiraqw.

Msimu huu, mkutano wa kugawana maji ulipoisha, baba alisimama kusema, akakohoa, akaketi. Yule wa ng'ambo akaanza kuokota fimbo yake. Baba akaninyooshea mimi kidole, kwa uchovu, kama unavyomwonyesha mtu mlango aufunge.

Nilisimama, nikasema. Watu waliitikia. Sitasema zaidi juu ya hilo kwa sababu sina maneno, na kama ningekuwa nayo yangekuwa na vina. Nilisema mpaka mwisho, nikaketi.

Yule wa ng'ambo ya korongo ndiye aliyefungua mdomo wa kwanza. "Ni nzuri," alisema kwa shida. "Lakini huyu mbona anavuta pumzi pale mtoni? Baba yake havuti pumzi pale."

Baba alicheka mpaka kikohozi kikaja kumchukua. "Huyo ndama," alisema alipoweza, "amekulia zizi la mbali."

Jumapili nilimpa mgeni wetu habari kwa simu, kama desturi inavyotaka. Alipiga kelele ya furaha, akamwita mama yake aje asikie, akaniomba nimsimulie yote tangu mwanzo: nilisimama wapi, wazee walikaa vipi, mvua ilikuwa inanyesha au la. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu wa kazi, "Kaka, na pale mtoni, ule mstari mrefu, ulifanyaje? Mimi hunishinda, lazima nipumue katikati. Wewe ulipumua wapi?"

Nikamwambia mimi sikupumua kabisa.